Bibi Harusi na Gurudumu la Kushoto

Nilizaliwa na ulimi mwepesi, na Malindi nzima, hii yetu ya milima ya Usambara, si ile ya pwani, ilijua. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba siku nilipozaliwa sikulia kama watoto wengine, nililalamika. Basi posa ilipokuja kutoka ng'ambo ya mji wa Lushoto, na mshenga akaanza kutueleza mila za ukoo wa mume, mama alisikiliza vizuri mpaka alipofikishwa kwenye mila moja, akashika kichwa.

Kwao, bibi harusi hafungui kinywa tangu avuke kizingiti cha baba yake mpaka apokelewe mlangoni na mama mkwe. Mama mkwe humtanda kanga mpya mabegani, humwambia, "Sasa sema, mwanangu," na neno la kwanza huwa lake. Anayesema njiani hana haya, na nyumba yake itakuwa nyumba ya ugomvi. Tena jua likizama bibi harusi akiwa bado njiani, anarudishwa kwao, na mambo yanaanza upya, kama yataanza.

"Kutoka hapa mpaka kule ni mbali," mama aliniambia baadaye, tukimenya viazi. "Utaweza?"

"Nitaweza."

"Umeshanijibu kabla sijamaliza kuuliza," akasema mama.

Lakini nilikuwa tayari kunyamaza hata mwezi mzima, maana yule bwana nilimtaka. Hili naliandika wazi, uzee umeshaniondolea haya. Alikuwa fundi seremala, alikuja kwetu kuezeka paa la msikiti, nami nilipita chini na mzigo wa kuni akadondosha kipande cha ubao karibu na mguu wangu. Nilimpa maneno yake yote pale pale. Wanaume wengine niliowahi kuwajibu walinuna. Huyu alicheka juu ya paa mpaka misumari ikamtoka mdomoni. Nikafika nyumbani bado nasikia kile kicheko, na kuni nikazitua mahali pasipo pake.

Tatizo lilikuwa shangazi yake. Alikuwa dada wa baba yake marehemu, na ndiye aliyekuwa na kauli katika ukoo. Alikwisha kumchagulia binti mwingine, wa Soni, mpole, ambaye watu walisema ukimsikia akiongea basi nyumba inaungua. Mimi shangazi alinikubali kwa shingo upande. Na kwa mila yao, anayekwenda kumchukua bibi harusi na kukaa naye njia nzima ni shangazi wa bwana harusi. Yeye ndiye shahidi. Akifika akisema bibi harusi alinyamaza, basi alinyamaza. Akisema alifungua kinywa, hakuna wa kumpinga.

Walikuja asubuhi na lori dogo la bodi ya mbao, la kukodi. Shangazi alipoteremka springi zilipumua. Alikuwa mwanamke mkubwa, mrefu na mpana, na viatu vipya vyeusi vilivyokuwa vikimuuma, ila asingekubali kusema. Pamoja naye walikuja wadogo wawili wa mume wangu, vijana wenye maneno mengi, na dereva. Dereva wa lori lile mwenyewe alikuwa amelala na homa, kwa hiyo walimpata huyu, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha gari dogo la bwana mmoja wa Kizungu pale mjini. Alivaa kofia ya kaki na alishika usukani kwa ncha za vidole, kana kwamba unaungua.

Wazee walimaliza yao, nikafunikwa kanga kichwani mpaka kifuani, nikavuka kizingiti. Baba hakusindikiza, mila haimruhusu. Niliona viatu vyake tu vimesimama kando ya mlango, vina alama za grisi ambazo mama alishindwa kuzitoa hata kwa siku ile.

Ukifunikwa hivyo, dunia yako inakuwa ya chini tu. Nilimjua kila mtu kwa miguu yake. Tulipita Lukozi, na nikajua ni Lukozi kwa sababu ya harufu ya kabichi zilizorundikwa barabarani na kelele za wanawake waliotaka kujua bibi harusi ni wa nani. Shangazi aliwajibu kwa niaba yangu. Moyoni nilikuwa na majibu mazuri zaidi.

Mbele kidogo, njia inapoanza kuingia msituni na baridi kushuka, gari likayumba, kisha likaanza kuchechemea. Pancha. Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto.

"Kitu kidogo," alisema dereva.

Shangazi aliteremka, nami nikateremshwa. Nikatandikiwa mkeka kwenye ukingo wa barabara, upande uleule wa gurudumu bovu, kwa kuwa ndipo palipokuwa pakavu. Kwa hiyo mimi niliyefunikwa nisione kitu, nilikaa mbele ya lile gurudumu, na kutoka chini ya pindo la kanga niliiona kila nati.

Hapa inabidi niseme kidogo kuhusu baba. Baba alikuwa dereva wa lori la mboga, kutoka Lukozi kushuka hadi stesheni ya Mombo. Mungu alimpa mabinti watupu, hivyo gari likiharibika uani, aliyeshika taa na kumpa spana ni mimi. Spana zake nilizijua kama mama alivyojua miiko yake. Na baba hakuwa mtu wa kukimbilia nguvu. Alikuwa akisema kwamba nati iliyogoma ni kama mkwe aliyenuna, ukimvuta kwa hasira anazidi kukaza. Uiondolee matope kwanza. Uipe mafuta ya taa, usubiri. Uigonge kidogo kidogo pande zote ili kutu ishtuke. Halafu ndipo uchague spana inayoishika barabara, na mkono mrefu, na uzito unaoshuka taratibu, si wa kuruka. Na gurudumu lazima liwe chini bado. Unalegeza kwanza, jeki baadaye.

Dereva alianza na jeki.

Nikasema moyoni, haya, mgeni huyo, atajifunza. Akapachika spana ya gurudumu kwenye nati, akavuta. Nati haikutikisika. Akavua kofia, akavuta tena. Shemeji mkubwa akamsogeza kando, akasema mikono yake imekomaa kwa kulima matuta, yale matuta ambayo serikali ilikuwa ikituamrisha kulima mwaka ule kila mtu akinung'unika, na kwamba leo angalau yatamfaa kwa kitu. Akavuta mpaka mishipa ikamtoka. Nati ilikaa vilevile.

Hapo ndipo nilipoangalia vizuri wanavyovuta. Walikuwa wanaikaza.

Malori ya namna ile yalikuwa na tabia yake. Nati za magurudumu ya kulia zilifunguka kama watu wote wanavyojua, lakini za kushoto zilikuwa na hesi, ile mikato ya ndani ya nati, za kinyume. Baba alinipa njia rahisi ya kukumbuka: kwa lori hili, kulia au kushoto, ukitaka kufunga izungushe nati jinsi gurudumu linavyozunguka gari likienda mbele, ukitaka kufungua izungushe jinsi linavyozunguka gari likirudi nyuma. Gari dogo la yule bwana wa Kizungu nati zake zote zilifunguka upande mmoja, na huyu dereva hakujua kama kuna jingine duniani.

Nilikohoa.

"Baridi hiyo," alisema shangazi, akaniongezea kanga.

Nikatoa mkono wangu wenye hina chini ya kanga, nikanyoosha kidole kwenye gurudumu, nikakizungusha. Shangazi akaushika mkono, akaurudisha ndani kama mtu anayerudisha kuku bandani. Nikautoa tena. Shemeji mdogo akadhani nina kiu, akakimbia kijitoni kuniletea maji kwenye jani. Nikanywa, ningefanya nini? Yalikuwa baridi mpaka meno yakauma.

Wakati huo kazi ya kuchagua zana ilikuwa imewaka moto. Shemeji mkubwa alisema kinachotakiwa ni mkono mrefu, na hapo hakukosea. Akaenda nyumba iliyokuwa karibu akarudi na mchi wa kutwangia, wakaufunga kwa kamba kwenye mpini wa spana. Wakalala juu yake ndugu wote wawili. Mchi ukavunjika vipande viwili, wakaanguka kifudifudi kwenye matope na nguo zao za harusi. Mwenye mchi akatoka kuja kuangalia, na maneno aliyoyasema kwa Kishambaa siyaandiki.

Wakapita wanawake wakitoka shambani. "Onga mshi!" wakatusalimu. Shangazi akaitikia. Mimi niliyefundishwa tangu utotoni kwamba salamu haiachwi chini, niliiacha chini. Nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba bibi harusi yule amelelewa, tazama alivyotulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuwa tumboni mwangu.

Kisha wakaleta bomba. Shemeji mdogo alilipata kwa wapasua mbao waliokuwa wakifanya kazi hapo msituni, bomba zuri la chuma, refu kuliko mtu. Moyo ukaniruka, maana ndilo baba angelichagua. Wakalichomeka kwenye mpini wa spana, likaelekea mbele ya gari, wale ndugu wakalipanda wote wawili wakaruka ruka. Nati ikalia, kweee.

"Imelegea, mgosi!" alipiga kelele shemeji mkubwa, akimwita dereva bwana kwa Kishambaa.

Haikulegea. Mimi sauti ile naijua. Ni sauti ya nati inayokwenda mahali ambapo haitatoka kwa heri.

Dereva akajaribu kwa mkono, akaona bado, akasimama akijipangusa uso. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kati ya miti, na mwanga ulikuwa umegeuka rangi. Viatu vya shangazi vilikuja vikasimama karibu na mkeka wangu.

"Jua linakwenda," alisema. "Manahodha wengi chombo huenda mrama. Mkishindwa sasa hivi semeni, nimtafutie mtu wa kumrudisha kwao kwa miguu kabla giza halijaingia. Mila ni mila."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana niliogopa. Nilijua nikirudi Malindi jioni ile, hakuna lori litakalokuja tena. Binti wa Soni alikuwa bado hajaolewa. Nikakiona kile kicheko cha juu ya paa kikienda kwa mtu ambaye hata hatakijibu. Machozi yalinitoka chini ya kanga, ya hasira kuliko ya huzuni.

"Basi tuzikate," alisema dereva. "Nipeni nyundo na patasi."

Patasi ilikuwapo. Shemeji mdogo alikuwa mwanafunzi wa mume wangu kwenye useremala, na alikuwa ameiacha kwenye mfuko wake tangu jana. Ilikuwa patasi ya kuchongea mbao. Nikaona miguu ya dereva ikipiga goti, nikaona ncha ya patasi ikiwekwa kwenye nati ya kwanza, na nyundo ikinyanyuliwa. Akizikata nati, gurudumu la akiba litafungwa na nini? Tutalala hapo hapo, nati vipande vipande, na patasi ya watu imekuwa msumeno.

"Weka patasi chini!"

Nilidhani nimesema moyoni. Lakini nyundo ilibaki juu, na miguu yote ilinigeukia.

Basi. Maji yakishamwagika hayazoleki. Nikafunua kanga mpaka kwenye paji la uso, nikasimama, na yale maneno yote niliyoyalimbikiza tangu asubuhi yakatoka kwa mkupuo mmoja. Teremsha jeki, gurudumu likae chini. Toa mafuta ya taa kwenye kandili ya lori, paka hapa, na hapa, si huko, hapa kwenye mzizi wa nati, nikawaonyesha kwa vidole vyangu mwenyewe. Acha yanywe. Leta nyundo, gonga taratibu, usipige kama unaua nyoka. Toa spana, igeuze, bomba lielekee nyuma ya gari. Nyuma, shemeji, kule tulikotoka!

"Huko ni kukaza," alinong'ona dereva.

"Mmekaza tangu mchana," nikamwambia. "Upande wa kushoto wa gari hili hufunguka kinyume. Sasa pandeni."

Wakapanda. Bomba likapinda kidogo, nati ikakaa kimya. Walikuwa wameikaza wenyewe kwa nguvu za matuta, na sasa nguvu zilezile hazikutosha kuitoa, kwa kuwa vijana wale walikuwa wembamba kama mabua. Wakaanza kujitayarisha kuruka.

"Msiruke!" nikasema. "Spana itachomoka imle mtu meno. Anatakiwa mmoja, mzito, akanyage taratibu."

Kila mtu pale akajua ninachofikiri, kwa kuwa kila mtu alikuwa anafikiri hilohilo. Hakuna aliyethubutu kugeuza shingo. Mimi nilikuwa nimeshaharibu siku yangu, sikuwa na cha kulinda tena.

"Shangazi," nikasema, sasa kwa adabu zote nilizofundishwa, "naomba ukanyage wewe."

Ndipo nilipomtazama usoni kwa mara ya kwanza. Nilitegemea uso wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, aliyesimama siku nzima kwenye viatu vinavyomuuma, akimsubiri mtu mmoja amwambie la kufanya. Akavua viatu, akanikabidhi mimi. Akashika bega la shemeji mkubwa kwa mkono mmoja na ubao wa gari kwa mwingine, akaweka mguu kwenye ncha ya bomba, akakaza gauni lake, na akapanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi ya dari.

Nati ikapiga kelele moja kubwa, kaa! Bomba likashuka mpaka chini na shangazi juu yake, wima, bila kuyumba.

"Alaa!" alisema shangazi.

Wale vijana walicheka mpaka wakashikana, na dereva akavua kofia akaipiga kwenye goti. Shangazi hakucheka. Alisema, "Ya pili iko wapi?" Akahama kutoka nati moja kwenda nyingine, na kila ilipolia alitikisa kichwa kwa kuridhika, na ya mwisho hakungoja kuambiwa, aliipachika spana na bomba mwenyewe. Kufunga gurudumu la akiba sikuhitaji kusimamia. Nilirudi kwenye mkeka, nikajifunika, nikakaa na viatu vyake mapajani.

Tukaanza safari tena. Msitu ulipita, tukaanza kuteremka kuelekea mjini. Nilikuwa nikihesabu maisha yangu yamekwisha. Nitafika, naam, kabla ya jua kuzama, lakini nitafika nikiwa bibi harusi aliyempigia kelele dereva na kumpandisha shangazi juu ya bomba. Hilo litasimuliwa mlangoni kabla sijakaa.

"Nani alikufundisha?" shangazi aliuliza ghafla.

Nikaishusha kanga zaidi usoni.

"Sasa ndiyo umekumbuka mila?"

"Baba," nikasema chini ya kanga.

"Hm," akasema shangazi. Nikaona mkono wake ukinyanyuka, nadhani alikuwa akinusa vidole vyake. Vilinuka mafuta ya taa, kama vyangu.

Tulifika jua likiwa bado juu ya vilele. Vigelegele vikaanza kabla gari halijasimama. Niliteremshwa, nikaongozwa, na kutoka chini ya kanga nikaiona miguu ya mama mkwe, midogo, mitupu, imesimama kizingitini. Nyuma yake, ndani, kulikuwa na viatu vya mwanamume vilivyopakwa rangi sana.

"Mmechelewa," alisema mama mkwe. "Tulianza kuogopa."

"Pancha," alisema shangazi.

"Na mwali? Amesema njiani?"

Niliona kidole gumba cha mguu cha mmoja wa wale vijana kikichimba udongo. Dereva alishikwa na kikohozi. Mimi nilikaza mikono yangu chini ya kanga, nikisubiri.

"Huyu?" alisema shangazi, kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Nimekaa naye mimi mwenyewe, tangu Malindi. Hata kukohoa hajakohoa."

Mama mkwe akashukuru Mungu. Kanga mpya ikatua mabegani mwangu, bado ina harufu ya dukani, na ile iliyonifunika uso ikaondolewa. "Sasa sema, mwanangu," akaniambia.

Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Mimi, ambaye Malindi nzima ilinijua, nilisimama mbele ya watu wote wale na sikuona neno hata moja, kwa sababu nilikuwa nimemtazama shangazi. Alikuwa amesimama pembeni peku, matope mpaka kwenye vifundo, kwa sababu viatu vyake vilikuwa bado mikononi mwangu, nami sikukumbuka kumrudishia. Nikaanza kulia kama mtoto, na watu wakasema ni haya ya mwali, na vigelegele vikazidi.

Shangazi akasogea, akavichukua viatu vyake polepole, akaniinamia sikioni.

"Usiniangushe sasa," akanong'ona. "Sema shikamoo."